Uliza Fundi: Grafiksi kadi kwenye deskitopu ya mtumba

Maswali ya safari hii karibu yote yamekuja na jambo moja. Deskitopu za ofisini zilizotumika Ulaya zimejaa madukani Arusha na Moshi, watu wamenunua, mashine ni ngumu na zinapiga kazi, sasa wanataka kuzitia grafiksi kadi, ile kadi inayoshughulikia picha na video, na kila fundi anasema lake. Nimechukua manne, la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna majibu ya wengine wengi.

Shikamoo fundi. Mimi napiga na kuediti video za harusi na kipaimara hapa Moshi. Nina Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba, SFF, i5 4570, RAM 8, SSD nilishaweka. Nikirenda video ya saa moja nalala naamka bado inaenda, na video za simu mpya zinakwama kwama hata kwenye kuangalia tu. Duka moja wanasema chukua GT 1030 ndo inayoingia humo, rafiki yangu anasema chukua RX 580 halafu pawasaplai yake uiweke nje ya kasha. Nina kama laki tatu na nusu. Nifanyeje kabla ya Desemba?
*Mpiga video, Majengo, Moshi*

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujaenda duka lolote fungua hiyo mashine kwanza, kifuniko chake kinatoka bila bisibisi, na usome lebo ya pawasaplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani. Ya 9020 SFF ni wati 255. Ndo hapo unapoanzia, maana kadi unaichagua kwa kuangalia kasha na umeme uliopo, watu wengi wanafanya kinyume, wanapenda kadi kwanza halafu wanahangaika kuiingiza kwa nguvu, na mwisho wake ni pawasaplai ya nje na waya zimening'inia.

Piga hesabu nami. Prosesa yako ni ya wati 84. Sloti ndefu ya madabodi, lile bao kubwa linalobeba kila kitu, yaani sloti ile ya x16, inaruhusiwa kuipa kadi wati 75 na sio zaidi. Hapo tayari ni 159, ongeza madabodi, RAM, SSD, feni na vitu vya USB, uko kwenye mia mbili hivi mashine ikipiga kazi ya nguvu. Inabeba, lakini hakuna ziada ya kuchezea. Kwa hiyo kadi yako lazima iwe ya wati 75 kushuka chini, isiyo na tundu la waya wa umeme kabisa, kwa sababu hiyo pawasaplai haina huo waya. Ukiona fundi anakuletea kile kiwaya kinachochukua umeme wa hadidisiki na kuupeleka kwenye kadi, mkatalie, kichwa cha SATA kinatoa kama wati 54 tu kwenye upande wa volti 12 na kadi yenye tundu la pini sita inaweza kudai 75. Hivyo viwaya vinayeyuka, plastiki inageuka kahawia na harufu ndo inakuwa taarifa yako ya kwanza.

RX 580 basi itoe kichwani. Ni kadi ya wati 185, ndefu, nene, inataka kasha kubwa, na nyingi zinazozunguka sokoni zilitumika kuchimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, mpaka Septemba 2022 Ethereum ilipoacha uchimbaji, wenye mashamba ya kadi wakazimwaga sokoni. Sio kwamba kila moja ni mbovu, ila kwa mashine yako haifai hata ukipewa bure. Na pawasaplai mbili kwa mashine moja, umeme ukikatika ukarudi ukacheza kama unavyocheza huku kwetu, sitaki hata kufikiria, tena kwenye mashine yenye harusi ya mtu ndani.

Sasa GT 1030, hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu muuzaji hajakudanganya kwamba inaingia, inaingia kweli, inakula wati 30 tu. Tatizo ni kwamba haina kile kipande cha kurenda video, NVENC, ambacho kadi nyingi za Nvidia wanacho. Yaani ukibonyeza eksipoti kazi ya kufunga video inarudi kwa i5 yako ile ile, na wewe unalala unaamka vile vile. Na hata kwa matumizi mengine kuna GT 1030 mbili zenye jina moja, ya GDDR5 na ya DDR4, ya pili memori yake inapitisha kama theluthi moja tu ya ile ya kwanza, maboksi yanafanana, yasome kwa makini. RX 6400 nayo utaambiwa, ni mpya zaidi, ya 2022, wati 53, nayo kwa gemu sawa lakini haina cha kurenda video. Kwa kazi yako zote mbili hapana.

Unachotafuta ni kadi za Quadro zile nyembamba za ofisini. Quadro P1000 ina memori ya GB 4, inakula wati 47, inakaa sloti moja, fupi, na NVENC ipo. T600 ni ya familia mpya zaidi, GB 4, wati 40, nayo sloti moja. T1000, kaka yake T600, ikipatikana kwa bei yako shukuru Mungu usiulize mara mbili. Kuna na GTX 1650 za lo-profaili, yaani fupi za kasha jembamba, nzuri sana, ila nyingi ni nene za sloti mbili na kwenye baadhi ya hizi SFF sloti ya x16 imebanana na pawasaplai, kwa hiyo chukua rula upime nafasi kati ya sloti na hilo boksi la chuma kabla ya kutoa hela. P1000 ni ya kizazi cha Pascal, Nvidia walishatangaza kwamba draiva (programu inayoiendesha kadi) mpya za kawaida kwa Pascal mwisho Oktoba 2025, baada ya hapo ni za usalama tu mpaka Oktoba 2028, kwa hiyo T600 ikiwa imezidi kidogo tu bei mimi ningeongeza.

Zote hizi zina bamba la nyuma aina mbili, refu na fupi. Yako inataka fupi. Muuzaji akikuambia bamba fupi limepotea lakini utaikata kadi hiyo hiyo ikae, ondoka. Na matundu ya P1000 na hizo za T ni mini DisplayPort, kwa hiyo nunua adapta siku hiyo hiyo, usije ukafika Majengo usiku na kioo cha HDMI hakina pa kuchomeka.

Ukifunga hiyo kadi zile video za simu nazo zitapona, maana simu nyingi sasa zinarekodi kwa H.265, mfumo wa kubana video, na grafiksi iliyomo ndani ya i5 ya kizazi cha nne haijui kuifungua yenyewe, inamtwisha prosesa, ndo maana inakwama. P1000 na T600 zinaifungua. Kwenye eksipoti usisahau kuchagua irende kwa kadi, kuna watu wameweka kadi mwaka mzima na programu bado imeachwa kwenye prosesa. Ongeza bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya video, kidogo kuliko uliyozoea ili nguo za bi harusi zisivunjike vunjike kwenye giza la ukumbini.

Halafu hiyo RAM 8. Mashine yako ina sloti nne za DDR3. Ongeza ifike 16 kabla au pamoja na kadi. Ukiniambia una hela ya kimoja tu leo nitasema RAM leo, kadi mwezi ujao, kwa sababu programu ya kuediti ikikosa RAM hiyo kadi itakaa inasubiri tu. Na Moshi yenu joto la Januari na Februari mnalijua, hilo kasha ni jembamba, lipulize vumbi, ukipeleka kwa jamaa wa pancha akupulizie na kompresa shika feni kwa kidole zisizunguke, na mwambie kwanza atoe maji kwenye mtungi.

Habari za kazi. Mwanangu amemaliza kidato cha nne amefanya vizuri tukamnunulia kadi ya GTX 1050 Ti kwa ajili ya HP EliteDesk 800 G1 yake, ile ya kusimama. Fundi kaifunga, feni ya kadi inazunguka, lakini kioo cheusi, kinaandika hakuna signali. Tukiitoa kadi kioo kinawaka kama kawaida. Muuzaji anasema kadi nzima na hairudishwi, fundi anasema kadi mbovu. Nani mkweli?
*Mama wa Njiro, Arusha*

Shikamoo mama, na hongera kwa matokeo ya kijana. Inawezekana wote wawili wanasema kweli kwa wanavyoona, hakuna aliyeangalia waya wa kioo.

Kioo chenu kina umri gani? Kama ni kile cha waya wa bluu wenye skrubu mbili pembeni, VGA, basi nina uhakika mkubwa tatizo liko hapo. Ukiuacha waya umechomekwa kwenye madabodi, mashine ikiona kadi inahamishia picha kwenye kadi na pale zamani hapatoi kitu. Na kama fundi alihamisha waya kwenye kadi lazima alitumia kile kiplastiki cheupe cha kugeuza DVI kuwa VGA. Kitazameni hicho na tundu la DVI la kadi. Pembeni ya ule mfereji bapa, tundu la zamani lina vitundu vinne vidogo vya kuzunguka mfereji, tundu la 1050 Ti halina, ni mfereji peke yake. Vile vinne ndivyo vilivyokuwa vinabeba picha ya VGA na kadi za kizazi hiki hazitoi tena VGA. Kiplastiki kizima kisingeingia, labda kama kimevunjwa pini, na nimeshaona mafundi wakizivunja.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kugombana na mtu, chukua waya wa HDMI wa king'amuzi, chomeka kwenye kadi upande mmoja na tivii ya sebuleni upande wa pili, washa. Ikitokea picha kadi nzima, mnunulie kijana adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye kisakiti ndani, inauzwa kwa hela ya kawaida tu. Kama tivii nayo nyeusi, tazameni juu ya kadi kwenye ukingo kama kuna tundu la pini sita, baadhi ya 1050 Ti zilizoongezwa kasi kiwandani zinalo, na hiyo bila waya wake haitoi picha. Kama halipo, itoeni kadi, futeni meno yake ya dhahabu na kitambaa kikavu, irudisheni mpaka kile kikufuli cha mwisho wa sloti kilie tak. Bado? Ipeleke kadi na mashine pamoja dukani, iwekwe kwenye mashine yao mbele yako. Hapo ndo ukweli wa muuzaji utajulikana na hana pa kukwepea.

Jambo moja nakuomba mama, usimruhusu fundi abadilishe pawasaplai ya hiyo HP kwa ile ya kawaida ya dukani. Madabodi ya 800 G1 inatumia kichwa cha umeme cha pini sita cha HP wenyewe, hakifanani na kile kipana cha pini 24, na waya za kuunganisha kienyeji zimeua madabodi nyingi. Pawasaplai iliyomo inatosha kwa kadi ya wati 75.

Oya fundi mambo. Nina OptiPlex 7050 tawa, i5 7500, pawasaplai imeandikwa 240W. Nataka kucheza gemu za mpira na za magari kwa raha. Mtandaoni nimeona 1050 Ti GB 4 bei ya kutupa, picha inaonyesha ina VGA, DVI na HDMI zote. Niagize? Au nipande basi niende Nairobi nikachukue huko?
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Poa kaka. Usiagize. Umesoma jibu la mama wa Njiro hapo juu? Kadi ya kizazi hicho haitoi VGA, sasa hiyo kadi yenye tundu la VGA mgongoni imetoka wapi? Karibu kila mara ni kadi ya 2010 au 2011 kama GTS 450 au GTX 550 Ti, wameifuta jina kwenye BIOS yake, ile programu ndogo iliyomo ndani ya kadi, wakaandika 1050 Ti, Windows ikisoma inaamini. Ya kweli ina koa (vitengo vya kupiga hesabu) 768, hizo nyingine zina 192. Utaweka draiva itakataa, au gemu litafunguka na kujifunga.

Weka programu ya GPU-Z, ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi, ni ndogo na ya bure, nenda nayo dukani popote, Mnara wa Saa, Kaloleni, Nairobi, popote. Kadi ikiwa feki toleo lolote la kuanzia 2018 mwishoni linaandika FAKE mbele ya jina, peupe. Halafu omba waiendeshe kitu kizito robo saa uko hapo hapo, sikiliza feni, tazama kama kuna vidoti vya rangi kwenye picha. Muuzaji anayekataa kadi ijaribiwe ameshakujibu.

Kuhusu mashine yako, 65 ya prosesa na 75 ya kadi bado uko salama kwenye 240. Ningekuwa na hela ningenunua RTX 3050 ya GB 6, ilitoka Februari 2024, wati 70, haitaki waya. Lakini hapa watu wanapigwa kila siku, kuna RTX 3050 ya GB 8, ya zamani kidogo, hiyo ni wati 130 na inataka waya, na muuzaji atakuambia GB 8 si ndo bora bro. Kwako sio. Hela ikiwa ndogo GTX 1650 isiyo na tundu la waya, maana nazo ziko za aina mbili. RX 6400 itacheza kwa sababu sloti ya madabodi yako ni PCIe 3.0, yaani kizazi cha tatu cha njia ya kadi, inapoteza kidogo maana imeunganishwa kwa njia nne tu, ila ndugu zako wenye mashine za i5 ya kizazi cha pili wasiiguse, PCIe 2.0 inaikaba kabisa. Arc A380 ya Intel usiichukue, inataka BIOS ya madabodi yenye Resizable BAR, ile inayomruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na mashine za umri huo hazina, bila hiyo inapoteza nguvu nyingi.

Nairobi kwenda ni kama kilomita 270 kupitia Namanga, uchaguzi upo mkubwa zaidi, Luthuli na Moi Avenue, na unajaribu kabla ya kulipa. Chukua risiti yenye namba ya utambulisho ya kadi yaani ile serial, na pale mpakani itaje kwa watu wa forodha, usiifiche kwenye begi la nguo. Ila jumlisha nauli na ushuru kwanza, na ikifa baada ya wiki mbili ujue ni wewe utakayepanda basi tena, kwa hiyo kama tofauti na bei ya Arusha ni ndogo mimi ningenunua hapa kwa mtu ninayejua mlango wake.

Fundi, nina OptiPlex 3060 Micro, kale kadogo ka kushika mkononi. Nasoma, natumia AutoCAD na nimeanza Blender. Kadi gani inaingia?
*Mwanafunzi, Usa River*

Hakuna mdogo wangu. Hiyo Micro haina sloti ya kadi kabisa, umeme wake unatoka kwenye chaja ya nje kama ya laptopu. Kuna watu wanachomoa SSD ya M.2 na kupitisha kadi ya nje hapo kwa waya, inawezekana, lakini hela ya hicho kifaa na pawasaplai yake na kadi unapata mashine nyingine.

Fungua uangalie RAM ni ngapi ndani. Kama ni kijiti kimoja cha 8, weka cha pili kinachofanana nacho, ni DDR4 za laptopu na sloti ziko mbili. Grafiksi iliyomo ndani ya prosesa inakula RAM hiyo hiyo, na vijiti viwili vinafanya kazi kwa pamoja, utaona tofauti kwenye kuzungusha michoro. AutoCAD ya mistari tu haitakusumbua. Blender jifunze kutengeneza maumbo hapo hapo, kurenda ndo kutakuchosha, renda picha ndogo usiku. Ikifika mahali unaihitaji kweli, kauze hiyo Micro, ni kizazi cha nane, inakubali Windows 11 na watu wanazitafuta sana sasa hivi tangu Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa Oktoba 2025, kwa hiyo bei yake bado ni nzuri, ongeza kidogo uchukue OptiPlex 3060 tawa, ile ya kusimama. Ukishaipata nitumie picha ya lebo ya pawasaplai yake.